Plagi za Gari: Wakati wa Kubadilisha na Wakati wa Kutafuta Ugonjwa Kwanza

Watu wengi hapa Nakuru hubadilisha plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, baada ya gari kuanza kumisi, yaani silinda kuruka bila kuwaka. Wengine huzibadilisha kila gari linapoleta shida yoyote, kwa kuwa plagi ni spea ya bei nafuu na mtu hazihangaikii kuzipata. Makundi yote mawili hupoteza pesa. Kundi la pili hupoteza zaidi, maana mwenye gari huondoka na ugonjwa uleule ndani ya injini, na plagi mpya huanza kuchafuka siku hiyohiyo.

Ninachowaambia wateja ni hiki. Kilomita za plagi zikifika, zibadilishe hata kama gari linaenda vizuri. Kilomita hazijafika na gari linasumbua, zitoe uzitazame, na usinunue nyingine mpaka ujue kilichozichafua au kuziunguza.

Kwa nini usingoje dalili

Kila cheche inayoruka hula chembe ya chuma cha plagi. Pengo kati ya ncha ya katikati na ule mkono uliopinda juu yake hupanuka polepole, na kadiri linavyopanuka ndivyo koili, kifaa kinachoipa plagi umeme, inavyolazimika kupandisha volti ili cheche iruke. Koili za magari ya siku hizi hutoa volti 20,000 na zaidi, kwa hiyo kwa muda mrefu zinamudu. Dereva haoni kitu. Gari linawaka, linaenda Njoro na kurudi, mafuta yanaonekana ni yaleyale. Lakini koili inapata joto kupita kiasi, na waya wake mwembamba wa ndani unachoka kila siku. Dalili ikija kuonekana, koili imeshaumia, na koili moja mara nyingi hugharimu zaidi ya seti nzima ya plagi za kawaida.

Mwalimu mmoja wa Molo aliniletea Fielder iliyokuwa imebadilishiwa koili kwingine zaidi ya mara moja, zote za silinda ya 3. "Fundi, hizi koili ni feki ama nini?" Nikamuuliza, "Mwalimu, plagi zilibadilishwa lini?" Akasema hajui, alinunua gari likiwa hivyo. Tulipoitoa ile plagi, ncha yake ilikuwa imeliwa pembe zote hadi ikawa mviringo, na pengo lilionekana kubwa hata bila kupimwa. Kwenye kauri nyeupe kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama wa penseli, kutoka juu hadi kwenye chuma cha kushikia spana. Tukaugeuza mpira wa koili, ule unaovaa juu ya plagi, ndani yake tukakuta mstari mwingine umelingana na ule.

Mstari huo ni njia ya umeme. Cheche ilishindwa kuruka pengo lililopanuka, ikatafuta njia rahisi zaidi nje ya kauri, na ikishapita hapo mara moja, kaboni inabaki na kuifanya njia hiyo iwe rahisi zaidi tena. Kila koili mpya iliyofungwa juu ya plagi ile ilichomwa mpira wake kwa namna hiyohiyo. Gari lilipona kwa plagi nne mpya, pamoja na koili yenye mpira mpya kwenye silinda ya 3. Ukiona mstari wa namna hiyo, badilisha plagi na mpira wa koili kwa pamoja. Ukiacha kimoja kati ya hivyo, kitaharibu kile kipya.

Usiuchanganye na duara la rangi ya kahawia linalotokea kwenye kauri pale inapoingia kwenye chuma. Hilo hutokana na chembe za oili zilizo hewani kuvutwa na umeme mwingi zikaganda hapo. Halina madhara, na si ushahidi kwamba moshi unavuja kwenye plagi, ingawa nimesikia likiuziwa watu hivyo.

Kilomita ngapi, na zihesabiwe kutoka wapi

Tazama ncha ya katikati. Ikiwa nene, karibu milimita 2.5, hiyo ni plagi ya nikeli, ile ya kawaida. Watengenezaji wengi wa magari huandika zibadilishwe kati ya kilomita 20,000 na 40,000. Mimi kwa gari la mjini sipiti 25,000. Ikiwa nyembamba, chini ya milimita 1, hiyo ni ya iridiamu au platinamu, na zile za maisha marefu huandikiwa kilomita 100,000.

Kuna mtego hapa. Si kila plagi iliyoandikwa iridiamu hufika huko. Zile za maisha marefu zina madini magumu pande zote mbili, kwenye ncha na kwenye mkono. Nyingine zina iridiamu kwenye ncha tu, mkono ukiwa wa nikeli, na mkono huo utaliwa mapema zaidi. Muuzaji akikwambia "hizi utazisahau," mwombe afungue boksi, uutazame mkono kwa karibu uone kama una kipande kidogo cha madini kilichochomelewa mkabala na ncha.

Swali gumu zaidi ni kilomita zenyewe. Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika, na sheria ya Kenya inaruhusu yasiyozidi umri wa miaka 8. Namba ya kwenye dashibodi inaweza kuwa imerudishwa nyuma, na kitabu cha sevisi, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Baada ya hapo gari linapita mikononi mwa watu wawili watatu, Eldoret, Kisumu, Nakuru, na kila mmoja ana fundi wake. Kwa hiyo usiitegemee ile namba. Gari likinunuliwa bila rekodi ya kuaminika, sevisi ya kwanza ibadilishe oili, chujio la hewa na plagi, halafu andika kilomita za siku hiyo kwenye karatasi uibandike chini ya boneti. Hapo ndipo hesabu yako inapoanzia.

Hata namba ya kweli haisemi yote. Dashibodi huhesabu magurudumu, haihesabu cheche. Injini ikizunguka mara 700 kwa dakika gari likiwa limesimama kwenye foleni ya Kondele, kila plagi inapiga cheche zipatazo 350 kwa dakika huku kilomita hazisogei hata moja. Teksi ya Kisumu inayoshinda ikingoja abiria na kiyoyozi kikiwa kimewashwa itachosha plagi kabla ya Probox ya Salgaa iliyoenda mbali mara mbili zaidi.

Kabla hujaagiza plagi, jua injini yako inahitaji ngapi na zimekaa wapi. Honda Fit za zamani zenye injini ya i-DSI zina plagi nane, mbili kwa kila silinda, nne zikiwa mbele na nne nyuma. Nimezifungua nikakuta nne za mbele mpya na nne za nyuma za zamani sana, kwa sababu mtu alibadilisha zile alizoziona. Nissan zenye HR15 na HR16, za akina Tiida na Wingroad, zinakutaka uondoe bomba kubwa la kuingizia hewa ndipo ufikie plagi. Kwa gari la namna hiyo sishauri nikeli kabisa: utalipia kazi ileile mara nne kabla iridiamu hazijaisha. Subaru nazo zina silinda zilizolala, plagi zinatazama chasi kushoto na kulia, kwa hiyo tenga muda wa kutosha na usikubali kazi ifanywe injini ikiwa moto.

Matatu za dizeli hazihusiki na habari hii. Zina hita plagi, ambazo kazi yake kubwa ni kupasha joto injini wakati wa kuwasha. Mwenye boda naye aangalie kitabu cha pikipiki. Nyingi zinataka plagi mpya karibu kila kilomita 10,000.

Asubuhi gari haliwaki upesi

Hii husikika sana Molo, Nyahururu na Timboroa, kwenye baridi. Sikiliza kwanza. Starta ikizunguka kwa uvivu, tatizo ni betri au vichwa vyake, na plagi hazina kosa. Starta ikizunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, fanya jaribio hili: fungua swichi hadi taa za dashibodi ziwake, ngoja sekunde mbili tatu, funga, rudia mara nyingine mbili, ndipo uwashe. Kila ukifungua, pampu ya mafuta husukuma kidogo. Gari likiwaka mara moja baada ya hapo, presha ya mafuta inashuka usiku kucha, na ugonjwa uko kwenye pampu au nozeli, zile zinazopulizia petroli kwenye injini.

Lisipowaka na unasikia harufu ya petroli, plagi zimelowa. Kwenye magari mengi ya nozeli unaweza kukanyaga mafuta hadi mwisho na kushikilia hapo huku ukizungusha starta. Kompyuta hukata petroli na hewa hukausha silinda. Likishika, achilia taratibu. Likirudia kesho yake, toa plagi uzitazame.

Linatetemeka likiwa limesimama

Mtetemo wa plagi au koili una mdundo: silinda moja inaruka, tatu zinashika, tena na tena kwa mpangilio uleule. Weka kiganja karibu na mdomo wa ekzosi, utahisi hewa ikikatika kwa vipindi vinavyolingana. Mtetemo usio na mpangilio, injini ikipanda na kushuka yenyewe, kwa kawaida ni hewa inayoingia pasipotakiwa au uchafu kwenye mlango wa hewa. Na gari la otomatiki likitetemeka kwenye D na kutulia kwenye N, anza na mauntingi za injini. Raba hizo huchoka kimyakimya, na ni wengi walionunua plagi kwa ajili yake.

Linakosa nguvu mlimani

Hapa ndipo wenzetu wa Kisumu wanapodanganyika zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, Mau Summit zaidi ya 2,400, na kilele cha Timboroa kinapita 2,700. Hewa hupungua kadiri unavyopanda, na injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Gari lililokuwa jepesi Ahero litakuwa zito ukipita Kericho kuelekea Londiani, hata likiwa jipya kabisa. Huo si ugonjwa. Uzito wa namna hiyo ni laini: gari linaenda, ila linaenda polepole, bila kushtuka.

Plagi iliyochoka haifanyi hivyo. Inashtua. Unakanyaga mafuta kupanda, gari linakatika, linashika, linakatika tena. Sababu ni kwamba ukikanyaga sana, hewa na petroli nyingi zaidi huingia kwenye silinda, mgandamizo unaongezeka, na cheche inahitaji volti kubwa zaidi ili ipenye. Ndiyo maana plagi ileile inaweza kutulia mjini siku nzima halafu ikushinde mlimani.

Jaribu hivi ukiwa barabarani, mahali salama pasipo na lori nyuma yako. Gari likianza kushtuka kwenye gia ya juu, shusha gia moja na upunguze kukanyaga. Injini itazunguka haraka zaidi lakini ikiwa na mzigo mdogo kwa kila mzunguko. Kushtuka kukiisha, tafuta kwenye cheche: plagi, mpira wa koili, koili. Kukizidi kadiri injini inavyozunguka haraka, tafuta kwenye mafuta (pampu, chujio la petroli) au kwenye ekzosi, kichujio cha moshi kikiwa kimeziba.

Kuna na mlio mkavu wa tik-tik-tik unaotokea ukikanyaga mlimani. Huko ni kugonga, mafuta yakilipuka kabla ya wakati wake. Plagi yenye kiwango cha joto kisichofaa injini hiyo huweza kusababisha, lakini petroli mbovu pia husababisha, hasa iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mchezo huo ulikuwa umeenea hadi serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuuvunja. Mlio ukianza mara baada ya kujaza tangi mahali usipopazoea, usikimbilie plagi. Endesha kwa mguu mwepesi, tumia mafuta hayo yapungue, jaza kwingine, usikilize tena.

Taa ya injini

Ikiwaka na kutulia, una muda wa kufika gereji. Ikipepesa, yaani inawaka na kuzima mfululizo huku gari likimisi, punguza mwendo mara moja na usimame panapofaa. Petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuungulia ndani ya kichujio cha moshi, ambacho kinaweza kuyeyuka. Kipuri hicho ni ghali kuliko kila kitu kingine kilichotajwa hapa.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ikionyesha P0300, silinda zinamisi bila mpangilio. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Namba hiyo inakwambia ni silinda gani. Haikwambii ni plagi. Mtu akikuuzia plagi kwa kuitazama namba peke yake, anabahatisha.

Baada ya mvua au baada ya kuoshwa

Gari lililokuwa zima likianza kumisi baada ya injini kuoshwa kwa maji ya presha, maji yameingia kwenye visima vya plagi. Toa koili, puliza kwa kompresa, kausha mipira yake, rudisha. Mara nyingi hakuna kipuri kinachohitajika. Likimisi kila mvua inaponyesha, na upande wa Kakamega hiyo ni karibu kila alasiri msimu wa mvua, mipira ya koili imepata nyufa. Kwenye gari la zamani lenye waya za plagi, fungua boneti usiku, injini ikiwa inazunguka, utazame bila kugusa kitu: vicheche vya buluu vinavyocheza juu ya waya vitakuonyesha mahali penyewe.

Kuzitoa na kuzisoma

Injini iwe baridi. Puliza vumbi kwenye visima kabla hujalegeza chochote, kwa sababu kilichomo kitaangukia ndani ya silinda plagi ikitoka. Panga plagi kwenye kipande cha katoni kilichoandikwa 1, 2, 3, 4. Kwenye Toyota nyingi ndogo, silinda ya 1 ni ya upande wa mkanda. Bila mpangilio huo, nusu ya habari imepotea.

Kahawia hafifu au kijivu, kavu: injini iko salama. Pima pengo tu. Kwenye injini ya 1NZ, ya akina Probox na Fielder, pengo ni milimita 1.1.

Masizi meusi makavu, yanayofutika kwa kidole: petroli ni nyingi kuliko hewa. Zikiwa hivyo zote nne, fungua chujio la hewa kwanza. Magari yanayofanya kazi kwenye barabara za vumbi za mashamba ya miwa ya Muhoroni na Mumias huziba chujio mapema sana kuliko kitabu kinavyosema. Baada ya hapo ni sensa ya oksijeni, na thamostati iliyokwama wazi inayoifanya injini isipate joto. Safari fupifupi za mjini pia huleta masizi, kwa sababu ncha ya plagi inahitaji kufika nyuzijoto kama 450 za Selsiasi ndipo ianze kujisafisha yenyewe. Ikiwa ni moja tu nyeusi na nyingine safi, shaka iko kwenye koili au nozeli ya silinda hiyo.

Nyeusi, imelowa, inateleza: oili. Angalia imelowa wapi. Oili ikiwa juu, kwenye kauri na kwenye kisima, ni gasketi ya kifuniko cha juu cha injini, kazi ndogo, ila usiahirishe kwa sababu oili inaozesha mpira wa koili. Oili ikiwa chini kwenye ncha, inatoka ndani: sili za valvu au ringi za pistoni. Moshi wa buluu ukitoka unapowasha asubuhi kisha ukaisha, naelekea kwenye sili. Ukitoka kila unapokanyaga, naelekea kwenye ringi. Plagi mpya hapo zitakupa nafuu ya muda mfupi tu.

Nyeupe kupita kiasi, yenye vipele au ncha iliyoyeyuka: joto. Hewa inazidi petroli, au plagi haikukazwa ikashindwa kupitisha joto lake kwenye hedi (kichwa cha injini), au namba ya joto si yake. Hii ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu kinachofuata kuyeyuka ni pistoni. Usiendeshe gari hilo safari ndefu kabla chanzo hakijapatikana.

Utandu mwekundu wa rangi ya kutu: viungo vya chuma au manganisi vilivyotiwa kwenye petroli. Utandu huo hupitisha umeme ukiwa moto, cheche ikapotea. Badilisha plagi na ubadilishe kituo cha mafuta.

Kusugua plagi kwa msasa na kuirudisha, kama inavyofanywa pembeni mwa barabara, kunakubalika kwa nikeli ukitaka kufika nyumbani. Kwa iridiamu usithubutu. Ncha ni nyembamba mno, msasa au brashi ya waya huivunja. Na plagi iliyoanguka kwenye saruji usiifunge, hata ikionekana nzima. Kauri hupata ufa usioonekana.

Hamisha kabla ya kununua

Gari linaposoma P0301, chukua koili ya silinda ya 1 uiweke ya 2, na ya 2 uilete ya 1. Futa namba, endesha. Ikisoma P0302, koili ndiyo mbaya, imehama na ugonjwa wake. Ikibaki P0301, rudia kwa plagi. Ikibaki palepale tena, acha habari ya cheche, uende kwenye nozeli na mgandamizo. Jaribio hili halikugharimu shilingi. Fundi anayekataa kulifanya na kusisitiza ununue koili nne, muulize kwa heshima sababu yake.

Kununua na kufunga

Soma namba, usitosheke na "hizi zinaingia." Kwenye NGK iliyoandikwa BKR5EYA-11, R maana yake ina kizuizi cha kupunguza kelele za umeme zinazoweza kusumbua kompyuta, 5 ni kiwango cha joto, na 11 ni pengo la milimita 1.1. Ya Denso inayolingana nayo ni K16R-U11. Kwa kampuni hizo mbili namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, yaani hupitisha joto lake upesi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume chake, na hapo ndipo watu hufunga plagi isiyofaa wakidhani wamelinganisha.

Feki zipo nyingi. Kagua maandishi kwenye kauri, yasiwe yanachubuka kwa ukucha. Ncha na mkono viwe vimekaa sambamba. Ile ringi ya chuma kwenye nyuzi za kukazia haipaswi kuchomoka kwa urahisi. Kwenye nyingi za feki huanguka yenyewe. Bei ikiwa nusu ya kila duka lingine mjini, ondoka.

Anza kufunga kwa vidole, plagi ikiwa imeshikwa kwa kipande cha mpira wa mafuta. Nyuzi zikienda mshazari mpira utateleza kabla hedi haijaharibika. Ikishakaa, plagi mpya yenye ringi ongeza kati ya nusu na theluthi mbili za mzunguko, basi. Kama una spana ya kupimia nguvu, fuata kitabu. Toyota ndogo nyingi ziko kati ya Nm 18 na 25. Usipake grisi kwenye nyuzi, kwa sababu itakufanya ukaze kupita kipimo bila kujua.

Umebadilisha, na gari limekuwa baya zaidi

Rudi kwenye ulichogusa. Soketi ya koili isiyolia "tak" haijashika. Mpira mdogo wa hewa uliochomolewa ili kupata nafasi huenda haukurudishwa. Kwenye Nissan zile, gasketi ya bomba la hewa ikirudishwa ya zamani huvujisha. Spana ikiinama wakati wa kukaza, kauri hupasuka ndani ya kisima na huwezi kuona mpaka uitoe tena.

Vyote vikiwa sawa na silinda ileile bado inamisi, pima mgandamizo wa silinda zote nne, injini ikiwa moto, waya wa nozeli umetolewa na mguu umekanyaga mafuta hadi mwisho. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, tia kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Presha ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, valvu hazifungi vizuri au gasketi ya hedi imeenda. Zungumza na fundi wako kuhusu kufungua injini, na zile plagi mpya zihifadhi safi, zitatumika kazi hiyo ikiisha.